Nilivyotumwa Misigiri Kuulizia Mlima

Mmeniuliza ilikuwaje, na kila nikianza kueleza mnacheka kabla sijafika hata Manyoni. Nimeamua kuandika, maana karatasi haidakii maneno ya mtu.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tulipomaliza kidato cha nne wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine Mwanza, mimi nilikwenda nyumbani nikavua viatu. Siogopi safari kama mnavyotangaza. Ila sijaona faida ya mtu kulala kwenye kitanda cha kukodi wakati chake kiko wazi.

Kabla ya kuondoka

Kijiji chetu cha Wagogo, kwa wasiokifahamu, kiko karibu na Kintinku, chini ya mlima ambao siku hizi unaonekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Chini ya mlima kuna chemchemi. Zamani mwanamke aliweka ndoo akageuka kusalimia mwenzake, akirudi ndoo inamwagika. Sasa anaweka ndoo, anasalimia, anasuka nywele, na ndoo bado. Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, kila mwenye shoka amekuwa mfanyabiashara, na mlima wote unashuka kwa magunia kwenda kuwa mkaa.

Mwaka huu akaja tajiri kutoka Dodoma. Alitaka apewe mlima uliobaki, akate kwa utaratibu mmoja, na yeye aezeke shule yetu kwa bati. Wakati huohuo Bwana Misitu wa wilaya akatuambia nchi imejiwekea malengo ya mazingira, na kijiji kikipitisha sheria zake ndogo na kuonyesha kitazisimamia, mlima utabaki mali ya kijiji na tajiri hatapewa kibali. Kila upande ukapata watu wake. Ukweli ni kwamba sheria tulikuwa nazo tangu zamani, na Siku ya Kupanda Miti tulikuwa tunapanda kila mwaka, ila kwenye mashimo yaleyale ya mwaka uliopita.

Mwenyekiti wetu, Mzee Ndahani, akaitisha mkutano wa Jumamosi kuamua. Kabla ya hapo alitaka mtu aende kwenye kijiji kimoja mbele ya Misigiri ambako, kwa maneno ya Bwana Misitu, mlima uliokufa ulifufuka na maji yakarudi.

"Asiende kusikia," alisema. "Kusikia tumesikia sana. Aende kuona."

Halafu akanitazama mimi.

"Wewe ni Mnyaturu. Huko ni kwenu."

Ni kweli baba alikuwa Mnyaturu. Alikuja Kintinku kwa kazi ya reli, akaoa, akabaki, akazikwa. Nikasema, "Mzee, kwetu ni Ilongero, na hata huko sijawahi kufika. Misigiri ni kwa Wanyiramba."

"Si ni hukohuko Singida?"

"Mzee, hata hapa tulipo ni mkoa wa Singida."

"Basi," akasema, "huwezi kupotea."

Kintinku hadi Manyoni: treni

Jumatatu asubuhi nilikuwa stesheni nimevaa viatu, jambo lililofanya watu waulize amekufa nani. Treni ilikuwa inatarajiwa asubuhi. Saa sita tulikuwa bado tunaitarajia. Nikala karanga, nikala yai la kuchemsha, nikala hindi. Mke wangu alikuwa amenifungia chakula cha safari, nacho nikakimaliza kabla sijasafiri.

Alipita jirani yangu mmoja, akashangaa kunikuta. "Umesharudi?"

"Sijaondoka."

"Basi hongera. Mimi nilijua hutafika hata stesheni ya Saranda."

Treni ikaja jioni. Nilisimama hadi Manyoni baina ya mama mwenye debe la asali na mtu aliyelala wima kama farasi. Asali ilikuwa inavuja kidogokidogo kwenye suruali yangu. Mama yule aliona, mimi niliona, wote wawili tukanyamaza kwa adabu. Nilifika Manyoni nikiwa na inzi wangu mwenyewe.

Manyoni hadi Singida: juu ya lori

Basi la Jumanne liliharibika kabla ya kuondoka, kwa hiyo nikapanda lori lililobeba kreti za soda na marobota ya mitumba. Mwenye mitumba alikaa juu ya marobota yake akatuchagulia mahali pa kukaa kama mwalimu wa zamu. Mimi nilipewa kona ya kreti. Msafiri akikaa juu ya kreti za soda katika barabara ile anatambua mifupa ambayo somo la baiolojia halikuwahi kuitaja.

Mbele ya Issuna tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa limepasuka siku nyingi. Dereva alilibeba kwa ajili ya trafiki. Tukashuka. Utingo akaondoka na tairi akitafuta wa kuliziba, sisi tukakaa kwenye nyasi. Akatokea mama mmoja na beseni la viazi vitamu na maziwa mgando. Sikuelewa alitokea wapi, maana nyumba haikuonekana upande wowote.

Mwenye mitumba akaniuliza naenda kufanya biashara gani.

"Naenda kuangalia mlima."

"Una madini?"

"Una miti."

"Mbao?"

"Hapana. Miti iliyosimama tu."

Alinitazama kwa huruma halafu akaniuzia koti. Alisema ninakokwenda kuna baridi. Hakukuwa na baridi, lakini koti lina mifuko mizuri.

Singida mjini: mgahawa wa Bi Zuhura

Tuliingia Singida Jumatano watu wakitoka sala ya adhuhuri. Nikaelekezwa mgahawa karibu na soko, wa mama mmoja anaitwa Bi Zuhura, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara na ukoo ukabaki. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akaniletea wali na kuku kabla sijaagiza. "Singida umekuja, utakula nini kingine?"

Kuku yule alikuwa mtamu. Nimejaribu kumweleza mke wangu, na nimeshauriwa nisimweleze tena.

Bi Zuhura alipenda kujua habari za kila mtu, nami nilikuwa nimeanza kujiona mjumbe. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu mlima, chemchemi na mkaa. Aliniacha nimalize, halafu akanyoosha kidole jikoni.

"Huyo kuku umemla. Aliiva kwa nini?"

Nikaona gunia la mkaa mlangoni.

"Nyie mkifunga mlima wenu, mimi nitapikia nini? Mate?"

Nikasema labda watu wapande miti yao ya kukata. "Wapande," akasema, "na wewe panda. Ila usinifungie mlango leo ukaniambia dirisha litatengenezwa mwakani." Kisha akaniongezea mchuzi bila kuniuliza. Swali lake nalo nililileta nyumbani kama sehemu ya ripoti, ingawa hakuna aliyenituma kulileta.

Misigiri, na mswaki

Jioni ileile nikapata pikapu ya watu wa vitunguu, nikalala Misigiri kwa fundi baiskeli ambaye ni binamu wa dereva. Alhamisi alfajiri nikashika njia ya miguu kwenda kijiji chenyewe. Jina lake sitalitaja. Wamechoka na wageni, na mtaona kwamba wana njia zao za kuwapunguza.

Njia inapita ubavuni mwa mlima. Niliona miti, tena miti kweli, mingine minene kuliko mimi, na chini kuna majani na ndege wanagombana. Nilitembea kwa furaha kama kwamba nimeipanda mimi. Kinywa changu kilikuwa kichungu kwa vitunguu vya jana. Nikaona kijiti kizuri, kibichi, saizi ya mswaki. Nikakikata.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Kata na mwingine, wa mkeo."

Nikageuka. Alikuwa mwanaume wa rika langu, ana panga na filimbi. Nikaona ni mkarimu. Nikamjibu, "Asante, huu unatosha."

"Unajua uko wapi?"

"Naenda kijijini kuonana na mwenyekiti."

"Utaonana naye bila shaka." Akasikiliza nilivyosema, akakunja uso. "Wewe mtu wa wapi?"

"Natoka Kintinku, ila baba ni Mnyaturu wa Ilongero."

Nikamsalimia kwa Kinyaturu changu cha kuokoteza. Nilitegemea atafurahi, maana kwa jinsi alivyosema nilitambua ni Mnyaturu mwenzangu. Badala yake akakaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyepata msiba.

"Umeniharibia kazi," akasema, na akapuliza filimbi.

Akaja mama wa makamo na jembe begani. Nilikuja kujua anaitwa Mama Kitundu.

"Nani?"

"Mnyaturu," yule mlinzi akasema, na jina lake nikasikia hapo, Ntandu. "Amekata."

Uso wa yule mama ukang'aa kama ameletewa mahari. "Mnyaturu! Mungu wangu, na asubuhi yote hii! Nyie watu, mmemaliza miti ya kwenu mkasugulia meno, sasa mmekuja kwetu? Na meno yenyewe yako wapi?"

Hapo nikatulia. Mnajua Wanyaturu na Wanyiramba ni watani tangu enzi za mababu. Tangu baba afariki sikuwa nimepata mtani wa Kinyiramba wa kunitukana vizuri. Nikaweka mkoba chini, nikamjibu:

"Mama, huu mlima ni wa babu yangu. Aliuacha hapa kwa babu yako amlindie, naona amelinda vizuri. Nimekuja kuuchukua."

"Babu yako angeuacha? Babu yako alikuwa anaibiwa mpaka kivuli!"

Akachukua mkoba, akanivua kiatu cha kulia, akavitia begani pamoja na jembe. Nikacheka mpaka nikashika mti. Niliingia kijijini na kiatu kimoja, watoto nyuma, Mama Kitundu mbele anatangaza kila nyumba, nami nimejaa furaha. Nilidhani hivyo ndivyo wanavyopokea wajumbe.

Mwenyekiti wao, mzee mpole, alipokea shikamoo yangu, akaniletea uji wa ulezi na michembe, viazi vile vilivyokaushwa. Akanisikiliza habari ya mlima wetu hadi mwisho. Kisha akasema, "Tumekupokea. Ukimaliza uji utaanza."

"Kuanza nini, Mzee?"

"Kuteka maji. Aliyekata mti mbichi anamwagilia kitalu mpaka matuta yote yalowe. Mama Kitundu atakusimamia."

Nikacheka tena. Nilicheka peke yangu.

"Lakini Mzee, mimi ni mgeni wenu. Ni mjumbe."

"Ndiyo maana umekula kwanza."

Chemchemi

Pikapu ya kunirudisha Singida ilikuwa inaondoka Misigiri mchana uleule. Nikiikosa, Jumamosi ingeniponyoka. Mkutano ungeamua bila neno langu, na niliwajua watu wangu: bila neno, wangechagua bati, maana bati linaonekana. Nikamfuata Mama Kitundu, safari hii bila utani.

"Mama, kijiji kizima kinanisubiri Jumamosi."

Naye akaacha utani, mara ya kwanza tangu tuonane. "Kinakusubiri ukaseme nini? Kwamba tulikuwa na sheria, tukaiweka pembeni kwa sababu mtu mmoja ana haraka?"

Akanipa ndoo. Kiatu akakiweka juu ya paa la kibanda cha kitalu.

Basi nikateka. Chemchemi yao imezungushiwa miiba, ng'ombe wana birika lao chini zaidi. Maji yanatoka katikati ya mawe mawili, hayana haraka na hayakatiki. Niliweka ndoo, nikageuka kumsalimia mwanamke mmoja, nikasikia inamwagika. Nilirudi nikasimama hapo na ndoo imejaa. Hakuna muujiza niliouona. Niliona maji.

Si kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Nusu ya miche waliyoletewa na mradi mmoja wa misitu ilikufa kwa kuwa haikuwa miti ya huko. Kibao kikubwa cha mradi kilishaliwa na mchwa, na nguzo moja wamefungia mbuzi. Mlima ulijifufua wenyewe baada ya kuachwa. Kazi ngumu ilikuwa kuuacha.

Ntandu alikaa juu ya jiwe akinitazama ninavyopanda na kushuka. Nikamwuliza kwa nini nilipomwambia mimi Mnyaturu alinuna.

"Ningekutozaje wewe? Ndugu yangu wa Ilongero. Nikikutoza nitasemwa mpaka kwetu. Nisipokutoza nitasemwa hapa." Akatema mate pembeni. "Mwanzo walinzi walikuwa Wanyiramba wenyewe kwa wenyewe. Mtu anamkamata shemeji, jioni dada yake anamwambia usinikanyagie mlango. Wakaanza kuwa vipofu. Mti unaanguka mbele yao, wanauliza hiyo ni radi? Ndipo mama huyo akasema: mtani hanuniwi. Sisi Wanyaturu tuliohamia hapa ni kaya chache, tukapewa kazi ya kuwakamata Wanyiramba. Sisi tukikosea, wanatukamata wao. Mtani akikuvua kiatu utamnunia? Utachekwa na mkeo."

"Na asiye na mtani hapa?"

"Huyo," akasema, "hujikuta ana mtani kabla ya jioni."

Nikarudi na ndoo yangu. Mpaka matuta yote yanalowa, pikapu ilikuwa Singida. Mama Kitundu akanirudishia mkoba, akanishushia kiatu, akanifungia na michembe ya njiani. "Wasalimie hao Wagogo wako. Waambie umefanya kazi siku moja maishani, na mashahidi tupo."

Kurudi

Ijumaa nilitoka Misigiri juu ya magunia ya alizeti. Dereva alisimama kila penye mtu anayefanana na gunia. Singida nikapita mbio bila kula, na Bi Zuhura akanipigia kelele mlangoni mwake, "Hata salamu?" Nikampungia mkono huku nikidandia lori la kwenda Manyoni. Tulilala njiani, nisikumbushwe.

Jumamosi asubuhi nilifika Manyoni nikijua treni imeshapita. Haikuwa imepita. Ilikuwa imechelewa, kama alivyo mtu mwenye akili. Nikaipanda na kuiombea msamaha kwa yote niliyoisema Jumatatu.

Godauni

Mkutano ulikuwa kwenye godauni la ushirika, ambalo tangu ushirika uache kununua mazao limekuwa jumba la mikutano na popo. Nilipoingia na koti langu, tajiri alikuwa mbele kwenye kiti. Bati za mfano zilishafikishwa shuleni, zinang'aa mpaka unaziona kutoka hapo.

"Umeona?" Mzee Ndahani akaniuliza.

"Nimeona. Na nimetozwa faini."

Nikaeleza yote, kiatu pia. Walicheka sana, nami nikawaacha. Nilipofika kwenye watani kicheko kikapungua. Kila mtu pale alijua kwa nini sheria zetu hazikuwahi kumkamata mtu.

Mzee Ndahani akauliza, "Sisi hapa mtani wetu ni nani?"

Akatajwa Mhehe wa zahanati. Akasema uhamisho wake umeshafika. Akatajwa Msukuma mwenye ng'ombe. Huyo hata mkutanoni hakuwepo, amehama na malisho. Kisha macho yakaanza kuja upande wangu. Maana Mnyaturu na Mgogo nao ni watani.

Nikasimama haraka. "Wazee wangu, mimi nimeoa hapa. Nusu ya kijiji ni wakwe zangu. Nitamfanyia utani nani?"

Tajiri akacheka kwa mara ya kwanza. "Mlinzi mmempata," akasema. "Mlinzi asiyeweza kutazama usoni hata mama mmoja anayebeba kuni. Jamani, tuache michezo. Shule inavuja."

Shule inavuja kweli. Watu wakaguna kukubali, na mimi nikauona mlima unaondoka mbele ya macho yangu, kwa kosa la kuoa.

Ndipo nikasikia sauti upande wa wanawake. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kunipa mgongo, kama anavyofanya tangu nilipomwoa binti yake. Kwa mila ya huku mama mkwe na mkwe hawaonani ana kwa ana, wala hawasemeshani moja kwa moja. Alizungumza na jirani yake, ila kwa sauti ya kufika ukutani.

"Hebu wamwulize huyo tajiri. Mkwe wangu akiwa mlimani, mimi nitapandaje? Miaka yote hii nikisikia sauti yake njiani napita shambani. Leo ndiyo nikakutane naye nimejitwika kuni?"

Wanawake wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu wengi wao wananiita mkwe, na kwa mawazo wote walishafika alikofika. Wanaoniita mtani naweza kuwavua viatu. Wanaoniita mkwe hawawezi kuja nilipo. Mzee Ndahani alifunga macho kama anaonja mchuzi, akasema, "Wanaotaka mlima ubaki wetu, na huyu aulinde, nyosheni mikono."

Wanawake walitangulia. Mikono ilipokuwa mingi kiasi kwamba Mzee Ndahani hakuona haja ya kuendelea kuhesabu, tajiri alishasimama anatafuta funguo za gari.

Bati zake zilirudi Dodoma. Darasa la pili wanasomea godauni mvua ikinyesha, na wapo wazazi ambao hawanisalimii. Mtani hanuniwi, ila hao bati wananidai kwa haki. Chemchemi bado inasuasua. Bwana Misitu anasema tusubiri miaka. Kuni za jikoni sasa tunakata kwenye viwanja vyetu, kwa taabu, na taabu hiyo mke wangu huninong'oneza kila jioni.

Juzi nilikuwa mlimani, upande wa mawe, nikasikia mtu anakohoa kwa makusudi. Kikohozi kile nakijua. Nikageuka nikaangalia Kintinku, nikasimama hivyo hadi nyayo zikashuka. Zilipofika chini, mama mkwe akamwita jirani yake aliye ng'ambo ya shamba, kwa sauti ya kufika juu:

"Mwambie mkwe wangu nilimfuata mbuzi! Nimempata! Na kuni sikugusa!"